Nakala Nne za Dume Moja

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso au kumsalimia mtu, Chrispine Emorut alishika simu yake na kuangalia imelala nchi gani. Hapa Malaba, mpakani, simu hazina uaminifu. Unailaza kando ya mto ikiwa Mkenya, ukiiamsha inakuambia karibu Uganda.

"Imevuka tena," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu ambaye mbuzi wake amekula mahindi ya jirani.

Kisha alikwenda sebuleni hadi kwenye friji, akainua kitambaa cha kufuma, na kuweka kiganja juu ya sanduku jeusi lililokuwa chini yake. Alikiweka taratibu, jinsi unavyopima homa ya mtoto. Sanduku likiwa na joto, alitabasamu. Mkewe, Amuron, aliyaona haya yote kutoka mlango wa jikoni. Mwaka huo aliwahi kuumwa malaria siku sita na kiganja hicho hakikumfikia.

Sanduku lilikuwa kompyuta. Si ya kuandikia barua wala ya kuchezea karata. Halikuwa hata na kioo. Kazi yake ilikuwa kukaa macho, wengine wakilala, ikitunza picha na karatasi za ukoo mzima. Emorut aliipa jina la Edula, ambalo kwa Kiteso ni ghala la kuwekea wimbi na mtama. Kazini mwenzetu alikuwa karani wa kujaza fomu za malori yanayovuka mpaka. Nyumbani alikuwa waziri wa kumbukumbu.

Ilianza miaka minne nyuma, wiki chache baada ya harusi yao. Simu yake ilimwambia imejaa, na kama anataka picha za harusi zikae mtandaoni, alipe kila mwezi. Emorut alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Picha zangu zikapange chumba Ulaya?" alimuuliza Amuron. "Mwenye nyumba akiamka vibaya si atazitupa nje pamoja na godoro? Mtu mzima hapangishi picha zake. Anazijengea."

Akazijengea. Siku moja alitoka mikono mitupu, jioni akarudi kwa boda boda amekumbatia kompyuta ya mitumba, diski mbili na betri iliyowahi kuendesha lori.

"Umetoa wapi vitu hivi vyote?" Amuron aliuliza.

"Ovataimu."

Ofisi yao haikuwa imewahi kusikia neno hilo. Amuron alijua, lakini yeye maneno aliyaweka kama chumvi: pakavu, na kifuniko juu. Akaenda kupika.

Na tuseme ukweli, Edula ilifanya kazi. Ukipiga picha kwa simu, popote ulipo, yenyewe inasafiri mpaka juu ya friji na kujilaza mahali pake. Emorut aliskani kila karatasi iliyokuwa ndani ya nyumba: vyeti vya kuzaliwa, kadi za ubatizo, ripoti zake za shule (zile nzuri mbili), hadi risiti ya kiberiti. Mashine ilisoma hata maandishi yaliyo ndani ya karatasi. Siku nesi alipotaka kujua mtoto alichanjwa surua lini, Amuron aliandika neno "surua" kwenye simu na kadi ikajitokeza kabla nesi hajamaliza kukunja uso. Siku hiyo Amuron mwenyewe alikipangusa kile kitambaa vumbi.

Shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa mdomo wa mwenye mashine.

"Hii kitu," aliwaambia wageni kabla hawajakaa, "ikulu hawana."

Kuku wao ndiye aliyekuwa shabiki wa kwanza. Aligundua kwamba juu ya Edula kuna joto, akawa anapanda friji kila siku kutaga hapo. Emorut alisema hiyo ni baraka. Wa pili alikuwa Petronilla, jirani wa mlango wa pili anayeuza omena, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka uzio bila pasipoti. Alileta picha zake zote zitunzwe. Basi mashine, ambayo ilikuwa inajifunza nyuso za watu, ikaweka picha yake ya Krismasi kando ya picha ya kitambulisho ya marehemu ami yake Emorut, na chini ikauliza kwa Kiswahili safi: *Je, hawa ni mmoja au tofauti?*

"Banange," alisema Petronilla. "Mimi nafanana na nani?"

"Inauliza tu, mama. Bado inajifunza."

"Ikajifunze kwa uso wa mama yako."

Emorut akabonyeza *Tofauti*, na mashine ikashukuru.

Sasa tuje kwa dume.

Mzee Ojakol, babake Amuron, ni mfugaji wa Moding. Ng'ombe anawajua kwa pembe, kwa hatua, kwa kukohoa. Emorut alipooa, alitoa mahari vizuri, hilo hatumnyimi. Lakini siku ya kuwaswaga ng'ombe kwenda Moding, mzee aliliacha dume moja jekundu, lenye baka jeupe kipajini na pembe ya kushoto iliyolala, akamwambia mkwe wake: "Huyu ni wangu, lakini atakaa kwako. Nitamuita nikimhitaji." Ndivyo wazee wa huko wanavyofanya. Unampa mtu unayemwamini akufugie mmoja, ili siku ugonjwa au wezi wakiingia bomani, usibaki na kamba tu.

Emorut alisema atalipeleka kwa rafiki yake upande wa Tororo, Uganda, kwenye nyasi nzuri. Na kila Krismasi, bila kukosa, alimtumia mzee picha ya dume kwa simu, na maneno: *Dume lako linakusalimu.* Mzee alifurahi. Hakuja kuliona, kwa sababu baba mkwe mwenye heshima haendi nyumbani kwa mkwe kurandaranda kama mtu anayetafuta chumvi.

Mpaka mwaka huu. Omoding, kaka yake Amuron, alipata mchumba upande wa Alupe, na dume jekundu ndilo lililoahidiwa kutangulia msafara. Mzee akapiga simu, Amuron ndiye aliyepokea.

"Alhamisi nakuja kuchukua dume yangu," mzee alisema.

"Karibu, papa."

"Nikikosa dume, nachukua wewe na mtoto. Mtakaa Moding mpaka hiyo dume ionekane."

Alisema polepole, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, na hapo ndipo Amuron aliogopa. Mzee Ojakol akipiga kelele, hakuna neno. Akisema polepole, funga mizigo. Amuron alikitazama cherehani chake kando ya dirisha, na sare kumi na moja za shule zilizokuwa zinangoja vifungo. Ulimwenguni alikuwa na kona hiyo moja tu aliyoijenga mwenyewe, na sasa ilikuwa imefungwa kwenye mkia wa ng'ombe.

"Dume liko?" alimuuliza mumewe jioni hiyo.

"Liko?" Emorut alicheka. "Dume limekuwa kama nyumba ya bati. Lakini mama, kumswaga kutoka Tororo, makaratasi ya mpaka, daktari wa mifugo... Kwa nini tumsumbue mnyama? Mzee nitamwonyesha kwa tivi. Miaka minne yote, moja baada ya nyingine. Mzee akiona dume lake kubwa ukutani hivyo, atarudi Moding ameshiba."

"Omoding atapeleka tivi kwa wakwe?"

"Wewe ngoja uone teknolojia."

Wiki nzima Emorut hakulala kwa bidii. Alinunua waya wa kuunganisha Edula na tivi. Tena, kwa kumheshimu mzee, aliiongezea mashine uwezo mpya. "Zamani ilijua watu tu," alitangaza. "Sasa nimeifundisha na wanyama. Itamtambua dume kama inavyotambua bibi harusi." Alijisifu hivyo huku akitafuna muwa, na hakuna mtu aliyemlazimisha. Tulinde neno hilo, tutalihitaji.

Alhamisi saa nne asubuhi mzee Ojakol akafika. Alikuwa na koti la kanisani, fimbo, na begani kamba mpya ya katani, imekunjwa vizuri. Amuron aliiona ile kamba kabla ya kumuona baba yake.

"Yoga, papa," alimsalimu, akapiga goti.

Mzee aliitikia, akakaa, akaiweka kamba magotini. Emorut alikuwa amevaa suti ya harusi. Petronilla naye alikuwa amekuja kuomba chumvi, akaipata, akakaa nayo.

"Mzee, kabla ya yote," Emorut alianza, akikifunua kitambaa kama askofu anayezindua sanamu, "nataka uelewe siri ya hii mashine. Mtu wa akili haweki kitu chake mahali pamoja. Simu ikianguka chooni, je? Lazima uwe na nakala. Na nakala moja ikae mbali."

Mzee alifikiri.

"Hiyo tunaijua," alisema. "Ndiyo maana mmoja niliachia wewe."

"Haswa. Mzee, wewe ulikuwa mtu wa kompyuta kabla ya kompyuta."

"Iko wapi?"

"Inakuja, mzee. Tazama kioo."

Tivi ikawaka. Dume jekundu likatokea, kubwa kuliko dirisha, linang'aa kama lililopakwa mafuta ya harusi. Hata kuku aligeuza kichwa. Mzee alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akasogea.

"Krismasi ya kwanza," alisema Emorut. "Na hii ya pili. Ya tatu. Na hii ya mwaka jana. Nakala nne, mzee, hazijakwaruzwa hata..."

Picha zilisimama zenyewe. Mashine ilikuwa imepata wanyama wawili, ikawaweka ubavu kwa ubavu, na kwa heshima ileile iliyomponza Emorut kwa Petronilla ikauliza: *Je, hawa ni mmoja au tofauti?*

"Inasema nini?" mzee aliuliza.

Emorut alikuwa anatafuta kidude cha kubonyezea. Amuron akasoma, kwa sababu aliulizwa na baba yake. "Inauliza kama hao wawili ni ng'ombe mmoja, papa."

"Tofauti," alisema mzee.

"Mzee, ni mwanga tu wa..."

"Huyu pembe ya kushoto imelala. Huyu zimesimama zote."

"Zilinyooka, mzee. Nyasi za Tororo zina madini."

Mashine haikungoja. Ikaleta wawili wengine. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Tofauti. Na huyu wa tatu hana baka. Amepakwa kitu."

Amuron alimtazama yule wa tatu, akatazama ile alama nyeupe kipajini, iliyokuwa inamwagikia jichoni kidogo. Alikumbuka Krismasi hiyo kopo lake la unga lilivyopungua, na mumewe akasema ni panya.

"Ni unga," alisema Amuron.

"Hata unaona ni wa daraja la kwanza," aliongeza Petronilla.

"Mkwe wangu," mzee alisema, na sasa alikuwa anasema polepole. "Hii mashine yako iko na nakala nne. Ile yenyewe iko wapi?"

Swali hilo lingetosha kumwangusha mtu wa kawaida. Emorut hakuwa mtu wa kawaida. Alisimama wima, akavuta suti.

"Mzee, tusibishane na macho. Macho huchoka. Mashine huandika kila picha ilipigwa wapi, haijui uongo. Nitakufungulia ramani uone mwenyewe kama si Tororo."

Akaifungua. Mpaka leo watu wa Malaba wanajiuliza kwa nini aliifungua. Nafikiri alikuwa ameusema uongo ule kwa muda mrefu mpaka yeye mwenyewe akaanza kulitafutia dume majani.

Ramani ikatanda. Vidoti vinne vyekundu vikaanguka, kimoja, kingine, kingine, kingine, vyote mahali pamoja. Upande wa Tororo kulikuwa kweupe kama sahani iliyooshwa.

"Hapo ni Nambale," alisema Petronilla. "Soko ya ng'ombe. Mimi napita hapo na omena."

"Dume langu," mzee alisema, "kila Krismasi linaenda mnadani?"

"Linapenda watu, mzee."

"Na kila mwaka halipati mteja?"

Petronilla alimwaga chumvi. Na Amuron, ambaye sare zake kumi na moja zilikuwa zinamtazama kutoka pembeni, aliichukua simu yake. Aliandika neno moja tu, lenye herufi nne, jinsi alivyoandika surua siku ile ya nesi.

*Dume.*

Edula ikatii. Ilikuwa mashine nzuri, hatuwezi kuisema vibaya. Ilileta picha zote nne, na baada yazo ikaleta karatasi yenye neno hilo pamoja na iliyoifuata, kwa sababu mwenyewe aliifundisha kupanga kwa tarehe, na kila kitu ilichoonyesha simu kilionekana kwenye tivi, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyenunua waya.

"Nisomee," alisema mzee.

"Hii ya kwanza ni risiti ya mnada, papa. Dume jekundu, baka jeupe kipajini, pembe ya kushoto imelala. Muuzaji, Chrispine Emorut. Asubuhi."

"Na ya pili?"

Amuron alisogeza kidole. "Kompyuta moja ya mitumba. Diski mbili. Betri moja. Siku hiyohiyo, mchana."

"Ovataimu," alinong'ona Petronilla, ambaye ukuta wa pamoja ulikuwa umemsimulia mengi.

Kila mtu aligeuka kumtazama Emorut. Kuku pia. Emorut alikuwa ameinama anaangalia nyuma ya friji kwa makini sana.

"Hapa kuna waya umelegea," alisema. "Ndiyo maana inachanganya mambo. Shida iko nje, kwa nguzo. Nipeni dakika mbili."

Aliingia chumbani. Amuron alimuona kupitia mlango uliokuwa wazi: amekaa kitandani, anavaa soksi. Mtu anayekwenda kuangalia waya havai soksi. Alivaa ya kushoto, akavaa ya kulia, akafunga viatu, akaichukua simu, akaangalia kama imeamkia nchi gani, kwa mazoea. Kisha akapita katikati yao akiwa amenyoosha kidole juu, kama fundi.

"Nguzo," alisema, akatoka.

Walimngoja. Amuron akamimina chai, na kikombe cha Emorut akakifunika kwa kisahani. Chai ya mzee ikaisha. Chai ya Petronilla ikaisha mara mbili. Kile kikombe cha kisahani kikaanza kutengeneza utando juu.

Mwishowe mzee alivua miwani, akainuka, akaenda mbele ya friji. Alimsukuma kuku kwa upole, akaweka kiganja juu ya sanduku.

"Ina joto," alisema, kwa mshangao.

"Huwa hivyo, papa."

"Kwa hiyo dume yangu ndiyo hii."

Amuron aliangalia sakafu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya cherehani, na hakujua uliwekwa hapo saa ngapi. "Nifunge nguo za mtoto?" aliuliza.

Mzee alimtazama. Akatazama sare, akatazama kona, akatazama tena sanduku.

"Mimi nilisema nikikosa dume, nachukua wewe," alisema. "Sijaikosa. Imekonda tu."

Akaikunjua ile kamba ya katani. Aliipitisha chini ya Edula, akaizungusha, akatafuta shingo, akakosa, akaifunga tumboni kwa fundo la wafugaji, lile ambalo ng'ombe akivuta ndipo linazidi kukaza.

"Inakula nini?"

"Stima, papa."

"Nyingi?"

"Kidogo tu. Lakini mwambie Omoding kule kwa wakwe isinyeshewe na mvua."

Petronilla alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye chumvi, kisha akalia kweli. Amuron hakucheka, ila alihisi mabega yake yakishuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akauvuta uzi akaupitisha kwenye sindano.

Mzee alikuwa ameshika waya wa stima, anataka kuuchomoa ukutani, ndipo tivi ikalia *ting*.

Picha mpya ilikuwa imeingia. Emorut mwenyewe aliwahi kusema: ukipiga picha, popote ulipo, yenyewe inasafiri. Lilikuwa dume jekundu, limefungwa kando ya barabara isiyojulikana, linamtazama mpiga picha kama mtu aliyeombwa kitambulisho ghafla. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kivuli cha mwanamume aliyevaa suti. Na kidoti kwenye ramani, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kilikuwa kimevuka. Kilikuwa Tororo kabisa.

Mashine ikaliweka kando ya dume la Krismasi ya kwanza, ikauliza, kwa adabu, kama kawaida yake: *Je, hawa ni mmoja au tofauti?*

Mzee hakuvaa hata miwani.

"Tofauti," alisema, akachomoa.